Mwaka Tulipoiogopa Mvua

Hadija binti Salimu tumemzika Ijumaa kule Kikuyu, na sasa katika wanawake waliouona mwaka ule nimebaki mimi. Nilikaa matanga siku zote, nimeegemea ukuta, mgongo unaniwaka, na pembeni ya uzio vijana walikuwa na redio yao wameipunguza sauti kwa heshima ya marehemu. Midomo yao hawakuipunguza. Redio ilisema kuna nchi huko ng'ambo watu wamepiga kura na hakuna chama kilichopata viti vya kutosha kutawala peke yake, basi vyama vitatu vimekaa pamoja kuunda serikali moja. Kijana mmoja akacheka, "Vyama vitatu? Hao watauana kabla ya mavuno." Mwenzake akasema, "Mkubwa hakupata nusu ya bunge, ulitaka afanyeje?" "Akae nje! Heri kukaa nje kuliko kufungwa plau moja na adui yako." "Na shamba alime nani?" Yule wa kwanza akatoa methali yao ile, kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, kisha akaniona namtazama akanyenyekea. "Shikamoo, bibi. Tunakupigia kelele." Nikamwitikia marahaba, endeleeni. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nimefuga ng'ombe tangu sina meno ya ukubwani, na mafahali wawili hukaa zizi moja vizuri kabisa, kama simba ananguruma nje. Na nilitaka kumwambia kuwa serikali ya namna hiyo niliisagia uwele kwa mikono yangu. Lakini matanga ni ya marehemu, si ya kujisifu. Nimerudi hapa Nkuhungu kwa mjukuu wangu, usingizi haunishiki, basi naandika. Mwandiko wangu mtausamehe, nimeupata uzeeni, darasa la watu wazima, na mwalimu alikuwa mdogo kuliko kitinda mimba wangu.

Ulikuwa mwaka ule reli ilipofika Dodoma. Mimi nilikuwa mwali, nimeolewa msimu uliotangulia, na bonde letu lilikuwa safari ya kutwa nzima kwa miguu kutoka bomani kwa Wadachi, hao mnaowaita Wajerumani. Bonde lenyewe mto ulilipasua katikati, na ninaposema mto msidhani ni maji, ni mchanga. Maji tuliyachimba humo mchangani wakati wa kiangazi, kila nyumba na kisima chake kimezungushiwa miiba. Upande wetu ndio tuliokuwa wengi, nyumba ya Mzee Malogo, baba mkwe wangu, mwenye kigoda cha mvua, yaani yeye ndiye aliyetambika ili inyeshe. Ng'ambo ya mto walikaa watu wa Mzee Ndahani, wachache kuliko sisi lakini ng'ombe wao walikuwa wengi kiasi cha kuficha ardhi. Na chini ya kilima walikuwapo Warangi, waliotoka Kolo na tumbaku na asali yao, wakajenga, wakawa na msala wao wa kuswalia. Hao hawakuwa hata nusu ya watu wa Ndahani, na mkubwa wao ndiye Mzee Salimu, baba yake Hadija. Jumbe tuliyewekewa na boma alikufa kwa homa. Kila nyumba ikapeleka bomani jina lake. Yakafika majina matatu.

Mdachi aliyesikiliza kesi pale bomani tulimwita Bwana Shauri. Majina matatu hayakumpendeza. Akapeleka askari, wakachukua kijana mmoja kutoka kila nyumba: kwetu wakamchukua Lechi, mume wangu, kwa Ndahani wakamchukua Mkunda, mwanawe, kwa Salimu wakamchukua Issa, kaka yake Hadija. Wakawatia mnyororo mmoja shingoni wakawa wanabeba mataruma ya reli. Kisha Bwana Shauri akatoa neno: wazee wote watatu waje pamoja wasimame mbele yake, kila mmoja ataje jina lile lile la jumbe. Wafanye hivyo kabla ya mvua ya kwanza. Mvua ikiwatangulia, vijana watapanda gari moshi waende pwani kwenye mashamba ya mkonge, na bonde litaletewa akida mgeni na askari wake wa kuishi nao. Waliokwenda mkonge wakati ule tuliwahesabu pamoja na wafu. Basi ndiyo hivyo. Mimi niliyezaliwa kwenye nchi inayolilia mvua, nikaolewa nyumba ya kigoda cha mvua, nilikuwa naamka asubuhi natazama mbingu nikiomba nisione wingu. Na tumboni nilikuwa na mimba ya Lechi, ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajaambiwa.

Wazee wakakubali kukutana, ikabaki wapi. Ndahani hakuwa tayari kuketi kwa Malogo, na Malogo hakuwa tayari kuvuka mto kama mtu anayeomba chumvi. Wakaangukia nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Matika. Ilikuwa ndani ya tembe ile ile ya Malogo, lakini mlango wake, jiko lake, ghala lake. Na Bi Matika alizaliwa ng'ambo, ukoo mmoja na Ndahani, wakiitana dada na kaka. Basi Ndahani akaweza kusema kwamba hakwenda kwa Malogo, amekwenda kumwamkia dada yake. Wanaume bwana. Chumba cha mbele kilikuwa cha kiza, paa la udongo limeshuka mpaka mrefu anainama, moshi umepaka miti ya dari weusi wa kung'aa. Mimi na Hadija, aliyeletwa na baba yake ili apike chakula ambacho Warangi wangekila bila wasiwasi, tuliwekwa chumba cha ndani kwenye jiwe la kusagia. Ukuta kati yetu na wazee ulikuwa fito na udongo, na udongo umeanguka pahali.

Sasa jiwe la kusagia lina sauti, na tatizo letu lilikuwa hilo. Tukisaga hatusikii vizuri. Tukiacha, wazee nao wananyamaza, kisha Bi Matika anapiga kelele, "Uwele umekwisha, au masikio yenu yameota miguu?" Hadija ndiye aliyegundua kwamba ukisugua jiwe tupu, polepole, bila nafaka, linatoa mlio wa kumtosha aliye nje na linamwachia aliye ndani nafasi ya kusikia. Tulisugua jiwe tupu siku nyingi mwaka ule. Mawe yakaliwa. Ugali wetu ulikuwa na changarawe, na Ndahani akalalamika, "Dada, huyu mkamwana wenu anatutwangia kilima?"

Siku ya kwanza walikula kabla ya kusema: ugali wa uwele, mlenda mkavu, na maziwa mgando kidogo sana kwa sababu ng'ombe walikuwa ngozi na mifupa. Ndahani akaanza kwa utani, maana alikuwa shemeji na shemeji ana ruhusa. "Shemeji Malogo, nasikia unataka ujumbe. Kigoda kimekuchosha matako?" Malogo akajibu, "Kigoda hakichoshi anayejua kukaa. Wewe tangu uzaliwe unatembea nyuma ya mikia." Wakacheka, lakini kicheko kile hakikuwa na maji. Malogo akasema watu wake ni wengi, kwa hiyo jumbe ni wake, hilo halina mjadala. Ndahani akasema, "Wengi wangapi? Wengi kuliko mimi, kweli. Wengi kuliko mimi na huyu mchuuzi tukiwekwa pamoja? Hapana." Hadija akaacha kusugua. Mzee Salimu, ambaye alikuwa mtu wa sauti ndogo, akasema, "Mimi nimekuja kula. Msinigawane kabla sijanawa."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo vijana wa redio walikuwa wanalitafuta pale matangani. Mwenye watu wengi halali usingizi kama wengi wake si nusu. Na mwenye wachache, kama amekaa katikati, anaamkiwa na wote wawili. Tangu siku ile Mzee Salimu alikuwa akipita kwetu anapewa maziwa, akipita ng'ambo anapewa maziwa, na Hadija akaniambia kwamba nyumbani hayanywi kwa hofu, anawapa watoto. Aliyekaa katikati ni kama ufunguo, na ufunguo nao unaweza kuvunjika kwenye kufuli. Yeye alikuwa na Issa mmoja tu, na wengine wote walikuwa mabinti.

Wakakutana tena na tena na hawakupatana. Mawingu yakaanza. Kwanza madogo, upande wa mashariki, yanatokea mchana yanakufa jioni. Watu wa ng'ambo wakaanza kusema Malogo ameifunga mvua makusudi apate muda wa kushinda ujumbe. Watu wetu wenyewe wakaja kumuuliza mbona kondoo mweusi wa kuombea mvua bado yumo zizini, mbegu zitaliwa na mchwa. Nilimsikia akimwambia mkewe, wamekaa mlangoni: "Nikiiomba mvua nampoteza mwanangu. Nisipoiomba naipoteza nchi." Bi Matika akamwambia, "Na ukiupata ujumbe, utavipata vyote viwili, mwana na nchi?" Alikuwa anachonga fimbo ambayo haikuhitaji kuchongwa.

Halafu ikaja ile siku. Ilikuwa mchana, jua limesimama, Malogo amekwenda kisimani kuamua ugomvi wa zamu za kunywesha. Ndahani na Salimu wakafika mapema, wakaketi chumba cha mbele kumngoja. Bi Matika alikuwa nje anaanika mlenda. Hadija alikuwa hajaja, niko peke yangu kwenye jiwe, na nilikuwa nimeacha kusugua kwa sababu ya kichefuchefu cha mimba. Wakadhani chumba ni kitupu. Ndahani akasema, "Mchuuzi, mimi na wewe twende bomani kesho kutwa. Wawili kati ya watatu. Tumwambie Mdachi, Malogo anafunga mvua, anafunga na shauri. Atatutolea vijana wetu." Salimu akauliza, "Na Lechi?" "Lechi ana baba yake." Salimu akasema, "Mdachi alisema watatu." "Mdachi anataka watu wa kulima barabara. Wawili wanamtosha." Salimu akasema, "Nipe mpaka kesho nifikiri," na kwa jinsi alivyolisema nilijua kwamba ameshafikiri.

Nilibaki na jiwe mkononi. Lechi wangu angebaki peke yake kwenye ule mnyororo. Nilipaswa kumwambia baba mkwe, na sasa mtaona tabu yangu. Katika nyumba ile mkamwana hakumsemesha baba mkwe uso kwa uso, wala hakutaja jina lake. Ukitaka kumfikishia neno, unampa mama mkwe. Lakini Bi Matika alizaliwa ng'ambo. Ningewezaje kumpa neno la kumchongea kaka yake? Jioni Malogo alipoketi uani, mimi nikamvuta mwanambuzi aliyekuwa karibu nikamshika masikio. Nikamwambia, "Wewe mbuzi, umelala tu. Wenzako wawili wanakwenda bomani bila wewe. Mtoto wao watarudi naye, wako ataachwa." Baba mkwe hakugeuza shingo. Akasema, naye akimtazama mbuzi, "Mbuzi, nani kakudanganya?" Nikasema, "Mbuzi, ungekuwa na ukuta wenye tundu usingeuliza." Akauliza, "Wamesema lini?" Nikajibu, "Kesho kutwa, mbuzi wangu. Na tena, mbuzi, tumboni mwangu mna mjukuu wako." Mwanambuzi akalia akanikojolea miguu. Baba mkwe akainuka akaingia ndani. Nilidhani amekasirika. Nilimsikia akikohoa gizani kama mtu aliyepaliwa.

Asubuhi alivuka mto. Kwa miguu yake, mchana kweupe, bila mtu wa kumfuata, mbele ya watu wote waliokuwa visimani. Wanawake wakasimama na vibuyu vichwani wakitazama. Alikwenda mpaka zizini kwa Ndahani, na hayo alinisimulia Hadija, ambaye baba yake aliitwa mbio. Malogo alisema maneno mafupi: "Shemeji, ujumbe chukua wewe. Mimi nitaacha jina langu." Ndahani akadhani ni mtego. "Na wewe unachukua nini?" "Kigoda changu kinabaki, na zamu za visima naziamua mimi kama kawaida. Salimu anakuwa ulimi wetu bomani, Kiswahili chake kimenyooka. Na kesi ya mtu wa nyumba yoyote inasikilizwa na wote watatu. Hutampiga mtu wangu kiboko peke yako. Hutapeleka neno bomani peke yako. Jumbe ni wewe, lakini mdomo wa bonde una meno matatu." Hadija alisema Ndahani aliuliza, "Nani alikwambia tunakwenda?" Malogo akasema, "Mbuzi." Wakadhani ni utani wa shemeji.

Watu wetu walikasirika, msidhani walishangilia. Walikuja uani wakasema maneno makali. "Mwenye wengi anampa mwenye wachache, wapi na wapi?" "Kwa ajili ya mwanawe ameuza nyumba nzima!" Mmoja, binamu yake kabisa, alitema mate mlangoni. Malogo akawaacha waseme mpaka wachoke, kisha akauliza, "Kuna mwenye njia nyingine ya kuwaleta wale wawili wakataje jina moja na mimi?" Hakuna aliyekuwa nayo. Hasira ilibaki, lakini ilikosa mahali pa kushika.

Ikabaki kufunga neno. Kwetu neno kama lile hufungwa kwa nyama: mnakula mnyama mmoja, aliyevunja baadaye nyama ile inamgeukia tumboni. Na mnyama wa neno kubwa kwetu hachinjwi kwa kisu, anazibwa pumzi, damu isimwagike. Mzee Salimu akasema, "Ndugu zangu, hiyo ni nyamafu. Siwezi kuitia mdomoni." Malogo akasema, "Basi chinja wewe." Ndahani akaruka, "Damu imwagike kwenye neno letu? Unataka tufe?" Salimu akasema, "Wachinjwe wawili, kila mtu ale wake." "Hapo tumefunga maneno mawili!" Mchana mzima walibishana juu ya shingo ya kondoo, na nje mawingu yamesimama juu ya kilima, meusi, hayafi tena jioni. Nilikuwa nasugua jiwe tupu na machozi yananitoka. Wamegawana nchi, wamegawana visima, wamegawana na mdomo, sasa Lechi atakwenda mkonge kwa sababu ya koromeo la kondoo!

Bi Matika ndiye aliyeingia akiwa na ungo wa mlenda mkononi. "Mnabishania kisu tangu asubuhi. Maziwa hayana shingo. Kunyweni maziwa mwondoke nyumbani kwangu." Wakatazamana. Wakakubali maziwa, wakaanza kugombania kibuyu. Ndahani hakutaka kunywa kwenye kibuyu cha nyumba ya kigoda, asije akaitwa mtoto wa kigoda. Malogo hakutaka cha ng'ambo. Salimu akamtuma Hadija alete bakuli la bati alilonunua dukani kwa Mhindi kule relini, jeupe, ukingo wa buluu, halina mizimu ya mtu. Halafu tukatumwa sisi wanawake tukakusanye maziwa nyumba zote tatu, na kwa kiangazi kile tulikuwa tunawanyang'anya watoto. Mama mmoja ng'ambo alikamua mbele yangu, kidogo tu, akanimiminia, mwanawe analia amemshika mguu, akaniambia, "Waambie wakivunja, nitakuja kudai." Wazee wakanywa kwa zamu. Ndahani akafuta mdomo akasema, "Bati linanuka duka." Usiku ule ule mvua ikaanguka, wala hakuna aliyeiomba.

Hilo nalo lilimwumiza baba mkwe kwa namna yake, maana kondoo mweusi alikuwa bado anacheua zizini, na miaka mingi baadaye wapo waliomcheka kuwa mvua imemsahau. Lakini tuyaache hayo. Asubuhi tulitoka wote, wazee watatu mbele, wanawake nyuma na makapu ya chakula cha vijana wetu: mimi, Hadija na mama yake Mkunda, mwanamke mrefu asiyependa maneno. Mto ulikuwa umeanza kuchuruzika katikati ya mchanga. Tulitembea kwenye tope jekundu mpaka jioni, tukalala Dodoma chini ya veranda ya duka, na kulipokucha tukasimama bomani. Gari moshi lilikuwa limeshafika linatoa moshi, na vijana walikuwa wameketi chini karibu ya lango, wale watatu, mnyororo ule ule. Lechi alikuwa amekonda mashavu. Alinitazama, akatazama tumbo langu, akatazama tena.

Bwana Shauri alitoka na miwani yake akawasimamisha wazee. Salimu akasema kwa Kiswahili chake kwamba bonde limepatana. Mdachi akamwuliza kila mmoja, jumbe ni nani. Salimu akasema Ndahani. Ndahani akasema ni mimi. Zamu ya Malogo ikafika. Wachache katika watu wake waliotufuata tangu bondeni walikuwa nyuma yake wanamsikiliza. Akasema, "Ndahani," kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nikapumua. Mdachi akaitikia kwa kichwa, akasema vizuri, nimefurahi, lakini nilisema kabla ya mvua, na mvua imenyesha. Neno la serikali haliwezi kurudi bure. Wawili wataondoka na nyinyi. Mmoja atapanda gari. Jumbe mpya ataniambia yupi, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza.

Ndahani akaomba nafasi ya kushauriana na wenzake. Mdachi akatazama saa yake akamruhusu. Wakaja kuchutama ukutani, hatua chache kutoka tulipoketi sisi wanawake. Salimu akasema, "Anataka kutuvunja hapa hapa, kabla hatujafika nyumbani." Malogo akasema, na maneno haya sikuyasahau hata siku moja, "Shemeji, ukimtaja Lechi, nitakwenda nyumbani nikanyamaze. Neno letu sitalivunja." Nilimchukia pale. Mwenyewe alivuka mto kwa ajili ya mtoto wake, na sasa alikuwa anamtoa ili kuulinda ule ule mkataba alioufanya kwa ajili yake. Leo nimekuwa mzee kuliko yeye alivyokuwa, naelewa kidogo, si sana. Salimu hakusema maneno kama hayo. Alisema, "Mimi nina mmoja," akainamisha kichwa, na hakuna aliyemlaumu.

Ndahani akachora mchangani kwa kidole, akafuta. "Nikimtaja wa kwako," akamwambia Malogo, "watu wako watasema niliutafuta ujumbe ili nikumalize. Nikimtaja wa huyu, watasema wakubwa wamekubaliana kumla mdogo. Hatutafika mtoni tukiwa nyumba tatu." Malogo akasema, "Na ukimtaja wa kwako?" Ndahani akasema, "Nikimtaja wangu, hakuna atakayesema kitu." Akainua macho akamtazama mkewe. Mama Mkunda alikuwa amesikia yote, tuliketi bega kwa bega. Hakulia, hakutikisa kichwa, hakufanya ishara yoyote. Alivuta kaniki yake akajifunika uso. Ndahani akainuka taratibu, magoti yakalia, akaenda kwa Mdachi akasema jina la mwanawe.

Lile neno lao lilidumu. Waliligombania kila msimu, walitukanana, mara moja Malogo na Ndahani walikaa mwaka hawasalimiani ila mbele ya Salimu. Lakini kesi zilisikilizwa na watatu na akida mgeni hakuletwa mpaka Wadachi wenyewe walipoondoshwa. Mkunda hakurudi. Hatukupata habari ya kaburi wala ya uhai. Vijana wa redio watauliza kama ilifaa. Mimi nilizaa, mtoto wangu alilelewa na baba yake, nitajibu nini?

Siku ile gari lilipokwisha kupiga kelele na kuondoka, tulishika njia ya nyumbani. Lechi na Issa walitembea kama watu waliosahau kutembea bila mnyororo. Tulipopumzika, mimi na Hadija tukafungua makapu yetu, lakini mama Mkunda alitutangulia. Alichutama mbele ya Lechi akafungua la kwake: ugali, karanga, na kipande cha nyama kavu ambacho sijui alikiweka akiba tangu lini. "Kula, baba," akasema. "Nilimpikia Mkunda, ameondoka na njaa yake. Wewe usiende nyumbani na yako." Lechi akanitazama. Nikatazama chini. Akanawa, akala, na machozi yakamdondokea kwenye tonge, na yule mama akakaa pale pale akimwangalia anavyotafuna, mpaka punje ya mwisho. Kisha akafunga kapu, akajitwika, akasema, "Twendeni, mto unajaa."